Chupa ya Tatu

Sanduku lile halikutupwa. Liliwekwa.

Inspekta Emérita alichuchumaa chini ya mkaratusi, ukingoni mwa malisho ya ng'ombe, akatazama mahali nyasi zilipolala. Ulikuwa mraba mmoja ulionyooka, kama wa mtu aliyeshusha mzigo polepole kwa mikono miwili. Kando yake kulikuwa na alama za buti za mpira zilizojaa maji ya mvua. Kijiji kizima cha Kirolirwe huvaa buti za mpira, kwa hiyo alama hizo hazikumsaidia.

"Bamama balipoliokota, kifuniko kilikuwa wazi?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana, Mama Inspekta. Kilifungwa vizuri, na kile kichuma chake cha kufungia kilikuwa mahali pake."

Aliyejibu alikuwa Jean-Luc, muuguzi wa kituo cha afya. Alikuwa kijana mwembamba, na tangu asubuhi alikuwa akifuta viganja vyake kwenye koti jeupe. Sanduku la baridi lilikuwa lake. Ndani yake alikuwa ameweka chupa ndogo za damu ya familia moja ili azipeleke Goma kwa pikipiki. Aliliacha katika chumba cha dawa akaitwa kwa mama aliyekuwa akijifungua, na aliporudi hakulikuta. Jioni, wanawake waliotoka mashambani walilikuta hapa, karibu na njia. Damu ilikuwa imekwisha kuharibika kwa joto.

"Nieleze tena kilichokuwa ndani."

"Chupa tatu. Ya mutoto Noëlla, ya mama yake, na ya papa yake. Moja njo ilikosa. Ya papa."

"Sindano, glavu?"

"Vyote viliachwa."

Emérita aliinuka, magoti yakalia. Alikuwa ametumwa kutoka Goma peke yake, kwa sababu ofisini hakuna aliyetaka kupanda milima kwa ajili ya damu iliyopotea. Lakini madaktari wa macho kutoka Ulaya walikuwa wamelalamika kwa mwendesha mashtaka. Walikuwa Goma kwa muda mfupi tu, hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kama huku Masisi damu za wagonjwa zinaibwa, walisema, basi hawatachukua tena mgonjwa kutoka Masisi.

"Hiyo damu ilikuwa ya kufanya nini hasa? Nisemee kama muntu asiyesoma udaktari."

Jean-Luc akafikiri. "Noëlla alizaliwa hivyo, haoni. Akiwa penye jua kali anaona kivuli, basi. Macho yenyewe iko mazima, lakini mu mwili wake kuko jeni moja yenye kosa, na bila ile jeni macho hayafanye kazi. Bale banganga ba macho banaweza kutia jeni nzima kwa sindano, nyuma ya jicho. Batoto bengine balioona giza tangu kuzaliwa, sasa banatembea bila kushikwa mukono."

"Na wanataka damu ya wazazi juu ya nini?"

"Mutoto anapokea nusu kwa mama, nusu kwa papa. Kosa lazima litoke pande zote mbili. Wazazi banaona vizuri, lakini kila mumoja amebeba kosa bila kujua. Banganga hawatie sindano mu jicho ya mutoto kwa kubahatisha. Banataka kuona kosa moja kwa mama, lingine kwa papa. Likikosa upande mumoja, ugonjwa unaweza kuwa mwingine, na hii dawa haitamufaa." Akafuta viganja tena. "Na haiwezi kungoja. Noëlla iko na miaka nane. Kila mwaka ndani ya jicho kuko kitu kinakufa. Akikuwa mukubwa, hakutabaki kitu cha kuponyesha."

"Uliwaeleza hivi wazazi?"

"Wazazi na majirani. Tulikuwa nje, kila muntu alisikia."

Emérita alitazama mteremko. Chini, mabati ya kituo yalimetameta baada ya mvua. Mwizi wa sanduku angeondoka na sanduku. Mtu aliyechukia dawa ya Wazungu angemwaga chupa zote. Huyu alichukua chupa moja, akafunga kifuniko, akaliweka sanduku kivulini karibu na njia ya watu. Alitaka liokotwe upesi.

"Kwa nini liliokotwa jioni?" aliuliza. "Hii njia haina watu mchana?"

"Kila siku iko nao. Ile siku kulikuwa maziko kwa kilima kingine. Batu bote balipita kule."

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mchungaji Mbonigaba, kwa sababu jina lake ndilo lililotajwa na kila mtu. Jumapili iliyotangulia alikuwa amesimama madhabahuni na kusema kwamba damu ya watoto wa Masisi haitoki Masisi. Emérita alimkuta nyuma ya kanisa la mbao akipigilia ubao uliolegea.

"Ulisema maneno makali, Mchungaji."

"Nilisema. Na nitasema tena." Hakuacha kupiga misumari. "Hapa batu bengi balikuja kukamata vitu vyetu. Hakuna aliyerudi kutuambia vilifanya nini."

"Siku ya wizi ulikuwa wapi?"

"Niliongoza maziko ya mama Nyirabazungu, kule kwa kilima. Uliza kilima kizima." Sasa akashusha nyundo. "Mama Inspekta, kama ningelikamata lile sanduku, ningelivunja mbele ya kanisa, batu bote baone. Miye sifiche kitu chini ya muti."

Emérita alimwamini. Mtu anayependa kusikika haibi kimyakimya. Alikwenda kuuliza kilimani hata hivyo, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyo, na watu wengi walithibitisha. Aliteremka akiwa ametota hadi magotini. Njia yote hakukutana na mtu, ila ng'ombe waliosimama ndani ya ukungu wakimtazama.

Kituoni aliomba aonyeshwe chumba cha dawa. Kilikuwa na milango miwili. Wa mbele uliingia ukumbini, ambako siku ile wagonjwa walikuwa wamekaa. Wa nyuma ulitoka kuelekea chooni. Hakuna aliyeona sanduku likipita ukumbini.

"Nani alikuwa huku nyuma?"

"Noëlla tu," alisema Jean-Luc. "Alikaa pale kwa benchi. Pale njo jua linapiga, na yeye anapenda jua."

Nyumba ya Noëlla ilikuwa juu ya kituo, ya udongo na mabati, yenye shamba la maharage mpaka mlangoni. Mtoto alikuwa uani, amekaa juu ya gogo, uso ameuinua. Mara kwa mara alikandamiza ngumi machoni, kwa nguvu, kisha akaziondoa. Mama yake, Mukashema, alisimama mlangoni na bakuli la maharage mkononi. Hakusogea.

Emérita alichuchumaa mbele ya mtoto. "Miye naitwa Emérita. Natafuta sanduku la Jean-Luc lilibebwa na nani. Ile siku ulikaa kwa benchi ya nyuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Kuko muntu alipita?"

"Hakuna muntu alipita."

"Hukusikia mulango?"

"Nilisikia. Lakini hakuna muntu." Mtoto alitabasamu kidogo, kama aliyeulizwa swali jepesi mno. Kisha kichwa chake kikageuka, ghafla, kuelekea njia ya bondeni. Emérita hakusikia kitu. "Papa iko anakuja," alisema Noëlla.

Ilipita muda kabla Emérita hajasikia yeye mwenyewe buti zikifyonza matope. Mwanamume mrefu akatokea na waya wa uzio begani, akawaona, akasimama. Alikuwa Théogène, baba wa mtoto, aliyechunga na kujenga nyua katika malisho ya watu wengine. Alimsalimia mgeni kwa heshima, akamshika mtoto kichwani, akasema amekuja kuchukua koleo, na akarudi alikotoka. Hakuchukua koleo lolote.

Noëlla aliendelea kugeuza kichwa kufuata buti zile mpaka zilipopotea.

Emérita alibaki amechuchumaa. Hakuna muntu alipita. Mtoto hakudanganya. Kwake yeye kulikuwa na watu, na kulikuwa na Papa. Ilibaki swali moja tu la kumuuliza, na mtoto angelijibu kwa furaha. Inspekta hakumuuliza. Aliinuka akamwambia mama yake, "Dada, twende ndani kidogo."

Ndani moshi wa kuni ulikuwa umeutia ukuta weusi. Mukashema alifunga mlango, akaketi, akaweka bakuli chini. Kabla ya kuulizwa lolote alisema, "Unafikiri ni miye."

"Nafikiri uliogopa ile damu ya bwana yako ipimwe."

Mukashema alitazama mikono yake. Emérita hakumharakisha. Nje, mtoto alikuwa akiimba peke yake, wimbo usio na maneno.

"Bwana yangu alikwenda Walikale kuchimba madini," alisema hatimaye. "Alikawia. Kisha bakasema shimo liliwaangukia, yeye mumoja wao. Miye sikukubali. Nikatembea kwa miguu mupaka Hombo, nimutafute. Pale nikakutana na batu ba kule kwa mashimo, bakanihakikishia amekufa. Vita ikafunga barabara nyuma yangu. Sikuwa na muntu. Kulikuwa muuzaji wa mafuta ya mawese, Patient. Alinipa fasi ya kulala. Hakuwa muntu mubaya. Barabara ilipofunguka nikarudi huku na mimba. Kisha siku moja Théogène akaingia hapo kwa mulango. Muzima."

"Akauliza?"

"Hakuuliza kitu. Alikuwa muchovu, nikamupikia, akalala. Mutoto alipozaliwa nikasema amekuja mbele ya wakati. Akasema aksanti kwa Mungu. Miaka yote nalala karibu na ule muntu, na sijawahi kuwa na muntu wa kusemesha. Hata dada yangu. Hata kanisani. Sasa uniulize kama niliiba lile sanduku. Sikuliiba. Lakini siku balisema damu ya papa imepotea, nilipiga magoti hapa, nikashukuru. Kisha nikasikia mutoto wangu nje anagonga kwa ukuta, anatafuta mulango. Nikatapika."

Emérita alimwamini yeye pia. Angeweza kumwambia alichokwisha kukijua. Hakumwambia, kwa kuwa halikuwa lake la kusema. Alimuomba maji ya kunywa, akayanywa, akatoka.

Théogène alikuwa mwisho wa malisho, anakaza waya kwenye nguzo. Alimwona inspekta kutoka mbali na hakukimbia. Inspekta alipofika, Théogène aliendelea kukaza waya uliokwisha kukazwa.

"Papa Noëlla," alisema Emérita, "ulifunga kifuniko vizuri sana."

Mwanamume akaacha waya.

"Mwizi hafungi kile kichuma," Emérita aliendelea. "Ulitaka damu ya mtoto na ya mama yake ibaki baridi. Ulitoka na sanduku zima juu ya nini? Ungekamata chupa moja tu palepale."

"Nilisikia muntu anakuja." Alisema polepole, bila kupinga. "Nilikuwa nasoma majina kwa chupa, na miye nasoma polepole. Nikatoka nalo kwa mulango wa nyuma. Nikaliweka pale chini ya muti, juu bamama banapita. Nikafikiri dakika kidogo tu watalirudisha. Nilisahau maziko. Nilisahau maziko, Mama Inspekta. Mutoto wangu amekosa dawa juu nilisahau maziko."

"Chupa iko wapi?"

"Nilizika."

"Ulijua si mutoto wa damu yako."

Upepo ulivuma kutoka bondeni, nyasi zikalala upande mmoja. Théogène alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya jeneza.

"Nilijua mbele ya kufika nyumbani. Kutoka Walikale nilipita Hombo. Batu bakaniambia, bibi yako alikuja kukutafuta, alilia sana, sasa amerudi kwao, alikuwa kwa Patient wa mafuta. Nikaenda pale. Nikamuona ule Patient, alikuwa anapima mafuta mu chupa za bamama. Nilisimama mbele yake. Akaniuliza nataka kiasi gani. Nikasema, hapana, ninapita."

"Na hukumwambia Mukashema, miaka yote?"

"Alitembea kwa miguu mupaka Hombo, juu yangu. Nitamwambia nini?" Akatikisa kichwa. "Na kisha Noëlla akazaliwa. Bengine banamuita kipofu. Miye njo nilimufundisha kutembea. Usiku akilia, ni miye anaita. Jean-Luc aliposema nusu kwa papa, nikasema basi, karatasi itasema mbele ya batu bote kwamba miye si kitu. Batamutafuta papa mwenyewe. Atakuja kumukamata."

"Kuko kitu hukuelewa," alisema Emérita. Alisema bila ukali, na bila kumpunguzia. "Hata ile chupa yako ingefika Goma, haingemsaidia. Jean-Luc amenieleza. Banganga banatafuta kosa la upande wa papa, na haliko kwako. Liko kwa muntu mumoja tu. Iko Hombo. Na wale banganga banaondoka Jumamosi."

Ng'ombe mmoja alikuja akanusa waya, akaondoka.

"Utanifunga?"

"Nitaandika kwamba damu ilichukuliwa na mwenye damu. Sijui sheria inayomfunga muntu kwa kuchukua damu yake mwenyewe, na sitaitafuta. Lakini ripoti haiponyeshe mutoto."

Akavaa kofia yake. Waya aliuacha palepale chini.

Walimkuta Mukashema anawasha moto uani. Noëlla aligeuka kabla hawajafika. Théogène alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mkewe, akasimama kwa mbali kidogo, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Kesho nakwenda Hombo," alisema. "Kwa Patient."

Kuni zilimtoka Mukashema mkononi. Alimtazama Emérita, na inspekta akatikisa kichwa: si mimi niliyemwambia.

"Tangu lini?" aliuliza Mukashema.

"Tangu mbele ya kurudi."

Mukashema aliketi chini, palepale kwenye majivu. Hakulia kwa sauti. Mume wake hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe alichuchumaa, akaanza kuokota kuni zilizoanguka, moja moja, na alipozimaliza alibaki amechuchumaa karibu naye. Emérita alitoka barabarani akangoja huko.

Safari ya Hombo ilikula siku tatu, kwa mashua hadi Bukavu na kwa lori kupitia msitu. Jean-Luc alikwenda na sanduku jipya. Emérita alikwenda kwa sababu kuna vizuizi ambavyo kadi ya polisi huvifungua. Théogène alikaa nyuma ya lori njia nzima, kwenye magunia.

Patient alikuwa bado na mafuta yake, karibu na daraja. Alikuwa amenenepa, na alikuwa anaishi peke yake katika chumba nyuma ya duka. Emérita alijitambulisha, kisha akarudi nyuma hatua moja. Maneno hayakuwa yake.

"Miye ni bwana ya Mukashema," alisema Théogène.

Patient aliangusha faneli ndani ya pipa. Alitazama mikono ya mgeni, akitafuta panga.

"Sikuje kwa vita. Kuko mutoto. Haoni. Kuko dawa, lakini banganga banataka damu yako ipimwe. Nimekuja kukuomba damu. Kitu kingine sikuombe."

Patient alikaa juu ya kreti. "Mutoto," alisema. Kisha tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Mutoto. Hakunitumia hata habari." Alikaa hivyo, huku wateja wawili wakija na kuondoka bila kuhudumiwa. Halafu alisema kwamba mdogo wake alizaliwa haoni, na akafia utotoni, mtoni. Akakunja mkono wa shati mpaka begani.

Jean-Luc alimtoa damu. Chupa ilipojaa na kuandikwa jina, Patient aliteremsha shati lakini hakuinuka.

"Naweza kumuona?"

Emérita alimtazama Théogène. Uso wake ulikuwa umekaza kama waya.

"Kwanza aone," alisema. "Kisha tutamuuliza yeye."

Mjini Goma, Jean-Luc alichukua upya damu ya mtoto na ya mama yake, waliokuwa wameteremka kuwangoja huko, na chupa zote zikawafikia madaktari siku ya Ijumaa. Emérita aliandika ripoti fupi. Mkubwa wake aliisoma, akauliza kama kweli hakuna mshitakiwa, akaitia sahihi.

Msimu wa mvua ulikuwa umekwisha simu ilipolia ofisini. Ilikuwa mchana, wenzake walikuwa wamekwenda kula.

"Mama Inspekta, ni Théogène wa Kirolirwe. Bamemukubali. Kosa lilionekana pande zote mbili. Banakwenda Ulaya na mama yake, mwezi ujao."

"Aksanti kwa habari, Papa. Na weye?"

"Wamesema muzazi mumoja. Miye nabaki na ng'ombe." Simu ilibeba upepo wa malishoni. "Nyumba itakuwa kimya sana."

"Mukashema?"

"Tunasemezana. Si sana. Jana aliniuliza Walikale nilikuwa nakula nini. Mbele hakuniuliza ile."

Emérita alingoja. Alisikia kwamba bado kuna jambo.

"Mama Inspekta, Noëlla anajua sauti yangu, anajua buti yangu. Sura hajue. Akirudi anaona, nitasimama pale barabarani na batu bote." Akakohoa. "Sitamuita. Nataka nisimame tu, nione atakuja kwa nani."

Kule upande wa pili Théogène hakukata simu, wala Emérita hakukata. Walikaa hivyo, kila mmoja na upepo wake, mpaka salio lilipokwisha.